Kiingereza na Falsafa Chuoni: Haja ya Kupima Hoja kwa Kiswahili

Madhumuni ya makala haya ni kueleza tatizo moja linalomkabili mwanafunzi asomaye Kiingereza na falsafa kwa pamoja katika chuo kikuu, na kupendekeza njia ya kulitatua. Katika masomo yake ya fasihi na isimu, Kiingereza huwekwa mezani kikachunguzwa. Aingiapo darasa la falsafa, Kiingereza hicho hicho hugeuka kuwa chombo cha kufikiria, wala hakuna tena anayekichunguza. Kila fundi ajua kuwa chombo huacha alama katika kazi. Mwanafunzi asiyeijua alama hiyo huidhani kuwa sehemu ya fikira yenyewe.

1. Suala la 1968

Mwezi wa Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akijulikana kama James Ngugi, pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe. Hoja yao ilihusu kitovu: kwa nini fasihi ya Uingereza iwe kitovu cha masomo, na ya Afrika iwe nyongeza? Mjadala ule ulizaa Idara ya Fasihi, na fasihi simulizi ikapata nafasi iliyostahili. Katika falsafa nako, Henry Odera Oruka, aliyefariki 1995, alikusanya mawazo ya wazee wenye hekima wa vijijini ili kuonyesha kuwa uhakiki wa fikira haukungoja kuletwa na shule. Kitabu chake juu ya falsafa hiyo ya wahenga kilitoka 1990, kwa Kiingereza.

Juhudi hizo mbili zilibadili mambo yaliyosomwa. Lugha iliyotumiwa kuyasoma ilibaki ile ile. Kwa hiyo lipo suala ambalo halijamalizwa: je, hoja tunayofundishwa kwa Kiingereza inasimama kwa nguvu zake, au inaegemea sarufi ya Kiingereza?

2. Ni, ndi- na -ko

Tuchukue mfano wa kitenzi cha Kiingereza to be. Kitenzi hiki hufanya kazi tatu zilizo mbalimbali. Huhusisha kitu na sifa au jamii yake, hutambulisha kitu kimoja na kingine, na pengine husema tu kwamba kitu kiko. Bertrand Russell, katika kitabu chake cha 1919 juu ya falsafa ya hisabati, aliona kuwa ni aibu kwa wanadamu kutumia neno moja kwa dhana mbili zilizoachana kama uhusishaji na utambulisho. Akaona dawa yake ni lugha ya alama za mantiki.

Msemaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza: wanadamu gani? Sisi husema Juma ni mwalimu tunapomtia katika jamii ya walimu, Juma ndiye mwalimu tunapomtambulisha, na Juma yuko tunaposema kwamba hakukosekana. Ni kweli kuwa ni nayo huweza kutambulisha, kama katika mwalimu wetu ni Juma, kwa hivyo tusidai kuwa lugha yetu imeyatenga mambo haya pasipo doa. Hata hivyo, ndi- ni chombo mahsusi cha utambulisho, na mtoto wa miaka mitano hukitumia bila kukosea. Aibu aliyoiona Russell ni ya lugha kadhaa, nayo imehesabiwa kuwa ya binadamu wote. Mwanafunzi wetu huisoma, huikariri katika mtihani, na hupewa alama nzuri.

3. Kuwako na mahali

Mfano wa pili wamhusu mwandishi mwenyewe. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, tulijadili hoja ya Descartes kwamba hata mtu akitilia shaka kila kitu, huko kufikiri kwake kwathibitisha kuwa yuko. Mwalimu aliniomba niseme hoja hiyo kwa lugha yangu. Nikasema: nafikiri, kwa hiyo nipo. Mwenzangu mmoja akauliza -po ina maana gani. Nikajibu kuwa ni kiambishi cha mahali. "Mahali gani?" akauliza. Nilikuwa nimesoma falsafa kwa miaka mitatu na Kiswahili tangu utotoni, nami sikuwa na jibu. Sikuwa nimewahi kuyakutanisha masomo hayo mawili hata siku moja.

Baadaye ndipo nilipojua kuwa swali hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa. Alexis Kagame wa Rwanda, aliyechapisha utafiti wake juu ya Kinyarwanda na dhana ya kuwako mwaka 1956, alionyesha kuwa katika lugha za Kibantu kuwako hudai kijalizo, na aghalabu kijalizo hicho ni mahali. Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyesomea Oxford chini ya Gilbert Ryle, aliona jambo kama hilo katika Kiakan. Ugumu wake ni dhahiri. Descartes ataka kubaki na nafsi ifikiriyo baada ya kuutilia shaka mwili na kila mahali. Lugha yetu yamrudisha mahali pale pale alipotaka kupaacha.

Je, hoja yake imeanguka? Tusiharakishe. Mtu asemapo Mungu yupo, hakuna aulizaye ni upande gani wa dunia. Kiambishi kimepanuka kikapita asili yake. Isitoshe, Waingereza nao husema there is, na neno lao la kwanza ni la mahali. Jambo tunalolipata hapa ni swali halisi, ambalo mwanafunzi atumiaye lugha moja tu hawezi kuliona.

4. Hatari ya upande wa pili

Iko hatari nyingine, nayo ni kuchimba falsafa nzima kutoka katika sarufi. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno ya Kiswahili sasa na zamani kuyataja makundi mawili ya wakati. Kwa kutegemea hasa nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, alidai kuwa wakati ujao wa mbali karibu haumo katika fikira za jadi. Lakini Kiswahili chenyewe, kilichomwazima maneno hayo, kina -ta- isiyo na mpaka, na kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Hata kama lugha haina umbo fulani, hilo halitoshi kuthibitisha kuwa wasemaji wake hawana wazo hilo. Kosa tulilomwona nalo Russell, la kufanya sarufi ya lugha moja kuwa kipimo cha fikira, laweza kututokea sisi pia.

5. La kufanya

Julius Nyerere alisoma Edinburgh hadi 1952, na miongoni mwa masomo yake yalikuwamo fasihi ya Kiingereza na falsafa ya maadili. Alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, iliyotoka 1969, aliita Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara mmoja wa asili akawa mabepari wengi. Neno bepari, lililotoka Bara Hindi kwa maana ya mchuuzi, lilikuwa limekwisha kupata maana ya kisiasa. Msomaji aweza kukubali au kukataa uteuzi huo, ila hawezi kusema kuwa mfasiri hakufikiri. Neno moja la jalada lilimlazimisha kuamua tamthilia ile yahusu nini.

Napendekeza basi kwamba kila mwanafunzi wa masomo haya mawili, amalizapo kujadili hoja kuu, aiandike upya kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, na mhadhiri wa falsafa ausome pamoja na mhadhiri wa Kiswahili. Tatizo likitoweka katika tafsiri, kuna sababu ya kushuku kuwa lilikuwa la Kiingereza. Likibaki, lina dalili ya kuwa letu sote. Likizuka jipya, tumepata kazi ya utafiti. Istilahi si kisingizio: hoja, dhana, mantiki, hakika na yakini tunayo tangu zamani.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Urasmi huo utakuwa na maana chuoni siku mhitimu wetu wa falsafa atakapoulizwa "mahali gani?", akaweza kujibu.