Lugha nzuri peke haitoshi: somo la Ariane 5

Wandugu, wale wetu wa informatike wanabishana kila mara: programu yenye kubeba maisha ya watu, ya ndege ao ya mashini ya hospitali, iandikwe kwa lugha gani? Wamoja wanasema C ni hatari, wengine wanasema Ada njo dawa. Mimi ni wa agronomia, lakini inanigusa, juu ndege tunapanda wote.

Tuangalie jambo lenye lilifanyika kweli. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliruka mara ya kwanza pale Kourou, Guyane ya Ufaransa. Haikumaliza hata dakika: ikavunjika na kujilipua, na satelaiti 4 ndani yake. Hakukuwa mtu ndani. Na programu yenye ilileta shida iliandikwa kwa Ada, lugha yenye ilitengenezwa kwa jeshi la Marekani ili makosa yapunguke!

Ilikuwaje? Programu ilitoka kwa Ariane 4, wakaiweka vile vile. Lakini Ariane 5 ilikuwa na mwendo wa pembeni mkubwa zaidi. Hesabu moja ya ule mwendo ikapita 32,767, mwisho wa nafasi yake. Ada ikaona kosa, ikatoa alama. Lakini mahali pale hapakuandikwa cha kufanya kosa likitokea, basi ordinatere ikajizima. Na ile ya akiba? Ilikuwa na programu ile ile. Ilishazimika mbele kidogo. Tena ile hesabu haikuwa na kazi yoyote kisha roketi kuruka.

Sisi wa shamba tunajua hii. Mbegu ya mahindi yenye ilijaribiwa katika joto ya bonde la Ruzizi, huwezi kuigawia wakulima wa milima ya Kabare bila kuijaribu kule kwanza. Mbegu si mbaya. Mahali njo pamebadilika.

Ni kusema lugha zote ni sawa? Hapana. Kwa C, hesabu kama ile inaweza kuharibika kimya kimya. Lugha kali inafunga milango mingi ya makosa. Lakini haijui programu inapelekwa wapi; hiyo ni kazi ya mtu.

Kwa hiyo, mbele ya kuuliza "ni lugha gani?", tuulize: "ilijaribiwa wapi, na katika hali gani?" Wa informatike, munasemaje?