Ahadi ya Miaka 12 na Rekodi Nyingine za Kipato cha Msingi kwa Wote

Jaribio refu kuliko yote la kuwapa watu pesa bila masharti halikuanzia Ulaya wala Marekani. Lilianzia magharibi mwa Kenya, katika kaunti za Siaya na Bomet. Shirika la GiveDirectly lilianza na kijiji kimoja mwaka 2016, na mwaka 2018 likaingia vijiji vingi zaidi. Katika vijiji 44, kila mtu mzima aliahidiwa takribani shilingi 2,250 kwa mwezi kwa muda wa miaka 12. Haulizwi kama ana shamba, kama ameoa, kama ana kazi. Simu inalia, ujumbe wa M-Pesa unaingia, basi.

Urefu peke yake usingetosha kunifanya niandike. Vijiji vingine 80 viliahidiwa kiasi hicho hicho, ila kwa miaka 2 tu, na vijiji 71 vikapewa kwa mkupuo mmoja thamani ya miaka hiyo 2. Watafiti, wakiwamo Abhijit Banerjee na Tavneet Suri, walirudi baada ya miaka 2 hivi kuona nini kimetokea. Wakati huo, aliyeahidiwa miaka 2 na aliyeahidiwa miaka 12 walikuwa wamekwisha kupokea pesa sawasawa. Hata hivyo, wale wa miaka 12 ndio waliokuwa wamethubutu zaidi kuanzisha biashara. Wengi waliingia kwenye vyama, wakachangishana kila mwezi, na aliyefikiwa na zamu akaondoka na kitita. Waliopewa kwa mkupuo nao walifanya vizuri. Waliobaki nyuma ni wale wa miaka 2, waliopata kidogo kidogo huku wakijua mwisho u karibu.

Mama yeyote anayecheza upatu hahitaji kuelezwa sababu. Huwezi kuingia kwenye mchezo kama hujui mwezi ujao utatoa nini. Uhakika ulikuwa mtaji kama zilivyo pesa zenyewe, na kwangu hili ndilo somo kubwa kuliko yote yaliyopatikana katika jambo hili.

Na uvivu je? Swali hili huulizwa kila mahali. Watafiti hawakuona watu wakiacha kazi wala wakizidisha pombe. Waliona watu wakipunguza vibarua katika mashamba ya wenzao na kuongeza shughuli zao wenyewe. Anayemwita mtu wa namna hiyo mvivu hajawahi kulima kwa jembe la mkono shamba lisilo lake.

Mpango mkongwe kuliko yote unaoendelea ni wa jimbo la Alaska, Marekani. Baada ya mafuta kugunduliwa Prudhoe Bay, wananchi walibadili katiba ya jimbo mwaka 1976 ili sehemu ya mapato iwekwe katika mfuko wa kudumu. Tangu 1982 kila mkazi, mtoto kwa mzee, hupata gawio lake mara moja kwa mwaka. La kwanza lilikuwa dola 1,000. Dogo kuliko yote lilikuwa dola 331.29, mwaka 1984, na kubwa kuliko yote dola 3,284, mwaka 2022. Tofauti hiyo inaonyesha udhaifu wake pia, kwa sababu mapato ya mfuko na misuguano ya siasa ndiyo huamua. Mwaka 2016 gavana alilikata gawio karibu nusu kwa kalamu yake. Hata hivyo hakuna aliyethubutu kulifuta. Likishaitwa haki ya kila mtu, kila mtu hulilinda.

Mpango mkubwa kuliko yote kwa idadi ya watu ulikuwa wa Iran. Desemba 2010 serikali ilipunguza sana ruzuku za mafuta na mkate, na badala yake ikaanza kulipa rial 455,000 kwa mwezi kwa kila kichwa. Zaidi ya watu milioni 70 walifikiwa. Mwanzoni kiasi hicho kilikaribia dola 45, na kwa familia maskini yenye watoto wengi zilikuwa pesa za kubadili maisha. Wachumi waliofuatilia hawakukuta ushahidi kwamba watu kwa jumla walikimbia kazi. Kilichoua mpango ule ni bei. Kiwango kiliachwa palepale mwaka baada ya mwaka, vikwazo vikaja, mfumuko wa bei ukapanda, na ilipofika 2020 rial zile 455,000 hazikufika dola 5 katika soko la mitaani. Ahadi haikuvunjwa, iliachwa ikayeyuka. Mongolia iliimaliza yake haraka zaidi: iligawia raia wake wote pesa za madini kuanzia 2010, na 2012 ikaacha.

Je, kugawa pesa ndiko kunakopandisha bei? Hukohuko Siaya, katika jaribio lingine, zaidi ya kaya 10,500 zilipewa takribani dola 1,000 kila moja. Bei katika eneo zima zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu, na kila dola iliyoingia ilizaa takribani dola 2.5 katika uchumi wa pale. Hata hivyo, ukweli usemwe: pesa zile zilitoka nje. Serikali inayozikusanya kwa kodi au kuzichapa haiwezi kujipa moyo kwa takwimu hizo.

Kelele kubwa kuliko zote zilipigwa Uswisi. Oktoba 2013 wanaharakati wa kipato cha msingi walimwaga mbele ya bunge, mjini Bern, sarafu milioni 8, moja kwa kila mkazi wa nchi. Uwanja ukang'aa dhahabu, watu wakazisambaza kwa makoleo kama wanaoanika mpunga. Mei 2016 walitandaza Geneva bango la zaidi ya mita za mraba 8,000 lililoingia katika kitabu cha Guinness kama kubwa kuliko yote duniani. Mwezi uliofuata nchi ikapiga kura ya maoni juu ya wazo hilo, na karibu asilimia 77 wakakataa.

Finland ilikwenda kimya zaidi: watu 2,000 wasio na ajira, euro 560 kwa mwezi, 2017 hadi 2018. Siku za kazi ziliongezeka kidogo tu, lakini waliopokea walisema wana afya bora na imani zaidi kwa wenzao na kwa taasisi.

Hesabu ndiyo ngumu. Chukua watu wazima milioni 25 wa Kenya, mpe kila mmoja shilingi 2,250 kwa mwezi. Kwa mwaka ni bilioni 675, karibu sehemu moja ya tano ya bajeti ya 2023/24. Hakuna waziri wa fedha atakayezipata bila kukata mahali panapouma, na kukata hospitali ili kugawa pesa ni kumpa mgonjwa nauli baada ya kufunga zahanati.

Ndiyo maana naona njia yetu inaanzia kwa wazee. Zanzibar ilikuwa ya kwanza Afrika Mashariki kulipa pensheni kwa kila mzee kutoka hazina yake yenyewe: Aprili 2016, shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 70, awe alikuwa karani au mvuvi. Kiwango kimepandishwa tangu hapo. Nimemwona bibi akiikunja noti moja ya 10,000 mara tatu, akaifunga katika pindo la kanga, kisha akamtuma mjukuu sukari kwa ile iliyobaki, bila kumwomba mtu. Kama una mzazi au jirani Zanzibar aliyetimiza miaka 70 na hajaandikishwa, mpeleke kwa sheha wa mtaa wake wiki hii.