Neno Moja Lenye Maana 645

Je, wajua, ewe msomaji, kwamba katika lugha ya Kiingereza liko neno la herufi 3 tu, ambalo mwanafunzi hulipata katika masomo yake ya awali na kudhani kuwa amelimaliza, ilhali mtaalamu mmoja wa kamusi alikaa nalo miezi 9 ndipo akaweza kulipambanua? Neno hilo ni "run", ambalo aghalabu twalifasiri kuwa ni kukimbia. Naye Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa Oxford English Dictionary, alipoiweka kalamu yake chini alikuwa amekihesabia kitenzi hicho maana 645. Kabla ya hapo, katika chapa ya pili ya kamusi hiyo, iliyotoka mwaka 1989 kwa juzuu 20, fahari ya kuwa na maana nyingi kuliko vitenzi vyote ilikuwa ya kitenzi "set", chenye maana 430 na maelezo ya maneno yapatayo 60,000, kiasi cha kutosha kitabu kizima.

Kukimbia kwa miguu ni kizingiti tu cha jumba hilo. Kwa Mwingereza mto hukimbia, na pua ya mwenye mafua hukimbia. Rangi ya kitambaa, ambayo sisi twasema yachuja, kwake hukimbia. Barabara iendayo mjini hukimbia. Na mwenye duka akisema kwamba yeye "hulikimbia" duka lake, hana maana ya kuwa amelitoroka bali kuwa ndiye aliendeshaye. Wenye amana wakishikwa na hofu ya kuwa benki yao itafilisika, wakaifurikia kwa pamoja kudai fedha zao, msukosuko huo nao huitwa kwa neno lilo hilo. Lakini kwangu mimi ajabu iliyopita zote ni ya uchaguzi: Mmarekani atakaye kuchaguliwa "hukimbia", na Mwingereza atakaye jambo lilo hilo "husimama", ilhali sisi tumewaona wote wawili kuwa wanagombea.

Isidhaniwe kwamba maana hizo zilibuniwa na wanazuoni. James Murray, aliyeshika uhariri wa kamusi hiyo ya Oxford mwaka 1879, alijenga banda la mabati huko Mill Hill, karibu na London, akawaomba wasomaji wa Uingereza, Marekani na makoloni wasome vitabu na kumpelekea vikaratasi, kila kimoja kikiwa na sentensi iliyonukuliwa pamoja na tarehe yake na jina la mwandishi. Vikaratasi vikamiminika kwa mamilioni. Na mhariri, baada ya kuvipanga na kuvipangua, alitambua maana mpya pale tu sentensi zilipokataa kuingia katika maana alizokwisha kuziandika. Murray alifariki mwaka 1915, miaka 13 kabla kazi hiyo haijatimia.

Sababu za wingi huo wa maana ni mbili. Kwanza, zilipokuja mashine, magari ya moshi na hatimaye kompyuta, Waingereza hawakuzitafutia kitenzi kipya cha kutenda kazi, bali walizivika kile kile cha kale. Na sisi tumefanya vivyo hivyo tuliposema kuwa saa inakwenda. Pili, na hii ndiyo sababu yenye uzito zaidi kwa maoni yangu, Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi cha kukimbia na kingine mbali cha kukimbiza, na baada ya karne kupita viwili hivyo vikachanganyika vikawa umbo moja. Kiswahili kimejaliwa viambishi, hata kutoka katika kwenda tukapata endea, endesha na endeleza, kila kimoja na wajihi wake. Neno la Kiingereza, lisilo na mavazi hayo, hulazimika kusimama na sura ile ile katika kila baraza, na msikilizaji akaijua maana yake kwa kuwatazama jirani zake. Wala nasi hatukosi mfano wa namna hiyo, maana twapiga pasi, twapiga kura, twapiga magoti na twapiga hodi, pasipo kumwumiza mtu.

Kwa hiyo wewe ujifunzaye Kiingereza, nakusihi usiliandike "run" katika daftari lako na tafsiri moja ubavuni mwake. Andika sentensi nzima uliyolikuta ndani yake, na utakapolikuta tena katika sentensi nyingine, iandike na hiyo.