Rangi moja, bidhaa moja: Usiiachie Excel ikuchagulie rangi za chati

Mkenya husoma rangi kabla hajasoma herufi. Ukitafuta M-Pesa mtaani, macho yanasaka kijani, si maandishi. Wakati wa kura za 2022, ukiona bango la manjano ulijua ni UDA hata kabla ya kutambua sura ya mgombea. Sasa fikiria usiku ule wa kujumlisha kura, runinga ingempa mgombea mmoja manjano saa mbili, kisha saa tatu impe mpinzani wake manjano hiyo hiyo. Hapangekalika!

Hivyo ndivyo chati nyingi za biashara zinavyofanya kila siku, na watu hawashtuki.

Vijana wengi tunapiga hasla ya data siku hizi. Mtu ana duka la vifaa vya simu, ana rekodi za mauzo, na anataka dashibodi ya kuangalia kila Jumatatu asubuhi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokuwa noma, na hizi programu nimezijulia YouTube. Karibu kila video niliyotazama inafunza fomula. Rangi zinaguswa mwishoni kabisa, kama mapambo ya keki. Lakini mdosi hasomi fomula. Anasoma rangi.

Shida inaanzia hapa. Excel ina rangi sita kuu za chati. Data ya kwanza hupewa rangi ya kwanza, ya pili ikapewa ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Programu haijui chaja ni nini wala kava ni nini. Inajua foleni tu.

Chukua duka lenye matawi matatu linalouza chaja, kava na spika. Kwenye chati ya pivoti, chaja iko mbele kwa hivyo inavaa samawati, kava inavaa chungwa, spika kijivu. Mdosi anazoea. Kisha anabonyeza tawi la Rongai pekee, na mwezi huo Rongai haikuuza chaja hata moja. Chaja inatoka kwa foleni, kava inasonga mbele na kuvaa ile samawati.

Mdosi anaona nguzo ndefu ya samawati, anasema, "Kumbe Rongai chaja zinaenda hivi!" Anatuma mtu Luthuli kuchukua maboksi mawili ya chaja. Pesa inalala kwa shelfu. Na ukiangalia vizuri, chati haikudanganya: jina sahihi lilikuwa pale kwenye ufunguo, kwa maandishi madogo. Lakini nani husoma ufunguo akiwa na haraka?

Dawa ipo, na haihitaji digrii.

Kwanza, kabla ya kuchora chochote, andika orodha ya bidhaa na rangi zake. Tumia zile namba za rangi zinazoanza na alama ya reli, si "samawati fulani hivi". Kwa mfano, chaja #0072B2, ambayo ni samawati, na kava #E69F00, ambayo ni chungwa. Orodha hiyo iweke ndani ya faili yenyewe ili hata atakayerithi kazi yako aifuate.

Pili, zuia foleni kusonga. Kwenye pivoti ya Excel, fungua "Field Settings" ya safu ya bidhaa na uweke tiki kwenye "Show items with no data". Chaja itabaki mahali pake hata ikiwa na sifuri. Kwenye Power BI, ingia sehemu ya kupamba chati na uipe kila bidhaa rangi yake moja kwa moja. Tableau hukumbuka rangi uliyoipa bidhaa, na chati nyingine zinazotumia data hiyo hiyo zinafuata. Kama huna pesa ya leseni, Looker Studio ya Google ni ya bure, na kwa kawaida hufunga rangi kwa jina la kitu, si kwa nafasi yake.

Tatu, chunga nyekundu na kijani. Tunapenda kijani kwa faida na nyekundu kwa hasara, lakini kuna watu ambao macho yao hayazitofautishi vizuri. Wengi wao ni wanaume, kwa sababu jeni zinazohusika ziko kwenye kromosomu X. Zile namba mbili nilizotaja hapo juu zinatoka kwenye seti ya Masataka Okabe na Kei Ito, wanasayansi wa Japani walioitengeneza ili watu kama hao pia waone tofauti. Ukilazimika kutumia nyekundu na kijani, ongeza alama ya kujumlisha au kutoa kando ya namba.

Nne, si kila kitu kinastahili kung'aa. Bidhaa zikiwa kumi na mbili, usizipe rangi kumi na mbili. Ipe rangi ile unayoizungumzia, nyingine zote zivae kijivu. Mdosi ataona mara moja unachomaanisha.

Halafu kuna mtihani wa cyber. Printi ukurasa mmoja kwa wino mweusi tu. Nguzo mbili zikifanana kwenye karatasi, badilisha moja iwe nzito au nyepesi zaidi, kwa sababu wateja wengi bado wanapeleka ripoti kwenye mikutano wakiwa wameiprinti hivyo hivyo.

Na kabla hujatuma kazi na kuitisha malipo, bonyeza matawi yote, moja baada ya jingine, ukiangalia bidhaa moja tu. Rangi yake ikibadilika hata mara moja, rudi ukarekebishe. Anayeagiza stoki kwa kutazama hiyo chati anatumia pesa zake mwenyewe.