Watoto wanne, ghorofa ya tano, kikombe kimoja cha bluu

Acha nikuulize. Mara ya mwisho kulala kwenye nyumba yenye watoto zaidi ya wawili ilikuwa lini? Sizungumzii ile ya kwenda kuona mtoto Jumapili, unampakata dakika tano, unapiga picha, na akianza kulia unamrudisha kwa mamake kama simu isiyo na chaji. Nazungumzia kulala hapo, kuamka hapo, na kutafuta soksi yako hapo.

Nauliza kwa sababu siku hizi tukikaa base, stori ya watoto haikosi. Huyu anasema atazaa mmoja tu, kisha afunge duka. Yule anasema hata huyo mmoja ni wa nini, na maisha yalivyo. Mwingine, na mara nyingi ni mvulana, anasema anataka sita, tena bila kuvuta pumzi. Wote watatu wanafanana kwa jambo moja: hawajawahi kuogesha mtoto asiyetaka kuogeshwa.

Na si mchezo, mambo yamebadilika. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya kwa wastani anazaa watoto 3.4, na mijini ni 2.8. Mwaka 1977 hadi 1978 wastani ulikuwa 8.1. Yaani nyumba ya watoto wanne, ambayo nyanya yako angeiona kama mwanzo mzuri tu, Nairobi ya leo inageuziwa shingo. Sisi tukifika stegi, konda huhesabu vichwa kabla ya kufungua mdomo, halafu anasema wale wadogo wapakatwe.

Nimesema "sisi" kwa sababu huu ni mwaka wa pili naishi kwa dada yangu, Pipeline, Embakasi, ghorofa ya tano. Karo ya chuo iliponishinda, dada hakunipa mawaidha, alinipa kochi. Kochi hilo ndilo kitanda changu, ndilo ofisi yangu ya kuandikia, na kuanzia saa kumi na moja alfajiri ndilo uwanja wa ndege wa mapacha. Ukiwa usingizini unahisi kidole kidogo kikikufungua jicho kwa nguvu. "Anko, umeamka?" Sasa utajibu nini?

Jeshi lenyewe liko hivi. Kifungua mimba ni msichana wa miaka tisa, yuko Gredi ya 4. Anayemfuata ni mvulana wa miaka sita, Gredi ya 1. Halafu kuna mapacha wa miaka miwili na kitu, mvulana na msichana, na serikali yao haina upinzani. Shemeji ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba, kwa hivyo akirudi hupokelewa kama rais na siku ya tatu amepotea tena. Dada ni keshia kwenye supamaketi, anafanya kwa zamu.

Ukiuliza kwa nini wanne, sababu ni majina. Kwetu Wakikuyu, mvulana wa kwanza huitwa jina la babake baba, na msichana wa kwanza la mamake baba. Upande wa mama hungoja mvulana wa pili na msichana wa pili. Hivyo baada ya wale wawili wa kwanza, kwetu hakuna aliyekuwa ametajwa, na baba yetu alikuwa ameshafariki. Dada na shemeji wakakubaliana watafute mmoja wa mwisho. Wakaja wawili, mvulana na msichana, hesabu ikafungwa siku moja. Leo jina la baba linatembea kwa nyumba likiwa limevaa poti kichwani.

Na kwa desturi hiyo, dada humwita yule mtoto "baba". Hafanyi utani. "Baba, toa kidole hapo kwa soketi." "Baba, nani amekula sabuni?" Mama yetu akija kutoka Murang'a humwita mume wangu, na swali lake la kwanza ni kama ameacha pesa za matumizi. Kijana humpa kifuniko cha chupa ya soda. Mara ya mwisho nilimwona mama akikifunga kifuniko hicho kwenye pembe ya leso, palepale anapofunga pesa zake.

Lakini tusikimbilie utamu. Asubuhi ya siku ya shule ni vita. Mkate wa gramu 400 haufiki saa moja. Choo ni kimoja na watu ni sita, saba shemeji akiwepo, na mwenye haraka zaidi huwa ndiye aliyeulizwa mara tatu kama anataka kwenda akakataa. Kiatu kimoja huonekana, cha pili hutafutwa na kijiji kizima. Maji ya mferejini huja siku mbili kwa wiki, kwa hivyo kila jagi linahesabiwa, halafu unamkuta pacha ametumbukiza kandambili na nusu ya vitunguu kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Anakuangalia usoni. Anaongeza kitunguu kingine.

Halafu kuna kikombe cha bluu. Kwenye hii nyumba kuna vikombe tisa, na uji ni uleule, umetoka sufuria moja. Ila ulio kwenye kikombe cha bluu inaonekana una kitu. Nimejaribu zamu, nimejaribu kukificha, nimejaribu kueleza. Mvulana wa miaka sita aliniambia polepole, kama mtu anayemhurumia mgonjwa, "Anko, wewe hujawahi kukinywea ndio maana."

Kitu ambacho hakuna mtu hukuambia kuhusu watoto wengi ni kimya. Kwenye nyumba ya mtoto mmoja, kimya ni amani. Kwetu kikiingia kimya, unasimama wima. Kuna jioni kilipoingia, nikahesabu vichwa nikapata vitatu. Yule pacha msichana, aliyepewa jina la mama yetu, hakuwepo na mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Kama unaijua Pipeline, unajua zile ngazi: giza hata mchana, ghorofa juu ya ghorofa, na chini ni barabara ya matope na bodaboda. Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka nikiita jina la mama yangu mzazi kwa sauti kwenye kila ghorofa, na milango ikifunguka mmoja mmoja, na wanawake nisiowajua wakitoka na mikono yenye unga bila kuuliza hata swali moja. Wawili walipanda juu kwenye kamba za nguo, mmoja akasimama kwenye geti. Alipatikana ghorofa ya tatu kwa jirani, ameketishwa na watoto wa pale, anakula ugali na sukuma. Huyo mama alikuwa amemwona kwenye ngazi akamwingiza ndani. Alikuwa amemtuma kijana wake aje kutuambia, lakini kijana akakutana na wenzake wakicheza bano. Hivyo ndivyo watoto wengi huishi mjini: na sisi, na kwa nusu ya jengo.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika.

Watu wetu hupenda kusema watoto wakiwa wengi wanaleana. Umeisikia. Inasemwa kwenye harusi, kwenye kliniki, kwa mama mboga. Mimi naona ni maneno matamu yanayomficha mtu. Hawaleani. Wanalelewa na mmoja wao, mara nyingi ni msichana, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Angalia ilivyokuwa hapa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara, na baba wiki mbili. Haisemi ukizaa wawili unapewa sita. Mapacha walipofikisha miezi mitatu, dada alirudi kazini. Msaidizi wa kwanza alikaa wiki tano. Wa pili alikaa siku nne, akasema anaenda kununua kredo, hadi leo ananunua. Deni la kazi likamwangukia kifungua mimba, ambaye hapo alikuwa na miaka saba. Ndani ya miezi michache alikuwa anaweza kubadilisha nepi gizani, stima zikiwa zimepotea, bila kumwamsha yule mwingine. Wageni wakija walikuwa wanamsifu. "Aki huyu ni mama kamili!" Dada alikuwa akisikia hivyo ananyamaza.

Ananyamaza kwa sababu anajua. Alinipita miaka kumi. Kuna picha yake moja ya utotoni huko kwetu, amesimama na leso mgongoni, na kile kichwa kinachochungulia begani ni changu. Nyuma yake, mbali kidogo, wasichana wa rika lake wanacheza kati. Mpira uko hewani. Watu wa kijijini husema dada alikuwa mkali sana kwa kati, hakuna aliyeweza kumgonga. Yeye mwenyewe husema hajui, hajawahi kucheza mchezo hadi mwisho. Nilikuwa nalia, anaitwa.

Kwa hivyo nilipoingia hapa na begi langu, kodi niliyoambiwa nilipe ilikuwa hii: kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili kasorobo, kifungua mimba hatumwi. Chumvi ikiisha, hatumwi. Pacha akijimwagia uji, haitwi. Anavua sare, anashuka chini kwenye kile kinafasi kati ya jengo letu na la pili, anacheza kati na bladda mpaka giza liingie. Mapacha na yule wa miaka sita ni wangu. Jirani mmoja alishawahi kumwambia dada kwamba anamharibu msichana, atakuwa mvivu, na mwanamume mzima anawezaje kushinda akipangusa makamasi. Dada alimjibu kwa Kikuyu, na sitaitafsiri hapa.

Na ni kwenye hayo masaa ndipo nimeona kile watu husema ni furaha ya watoto, ambayo zamani nilidhani ni maneno ya kwenye kadi. Yule wa miaka sita hupanga stuli na ndoo mstari mmoja, akawa konda. "Tao hamsini, hamsini tao!" Mapacha wanapanda. Wanalipa kwa vifuniko vya chupa. Anagonga ubavu wa kabati, gari linaondoka. Shida ni kwamba wakifika tao wanakataa kushuka, konda anawaambia gari linarudi, wanalipa tena, linarudi Pipeline, wanakataa kushuka. Siku moja nilikuwa na makala ya kumaliza, nikaambiwa nisimame kwa sababu nimekalia kiti cha abiria na sijalipa. Niliandika makala yote nikiwa nimesimama, laptopu juu ya friji. Nilicheka hadi mbavu zikauma, na bado nilikuwa nimechoka kupita kiasi. Hivi viwili havipokezani zamu, vinakuja pamoja.

Saa kumi na mbili kasorobo mlango unapigwa teke. Ni yeye, jasho tupu, goti limechubuka, viatu mkononi, anapiga kelele matokeo kabla hajaingia. Sijawahi kumwona mtu mwenye fahari kama hiyo juu ya kitu kisicho na zawadi. Akimaliza kuhadithia, huwa anawabeba mapacha mwenyewe, wote wawili kwa mpigo, bila kutumwa. Anawanusa vichwa. Anasema mmoja ananukia kitunguu.

Usiku una vituko vyake. Karai moja, sufuria moja ya maji moto, watoto wanne, na sheria kwamba asiyechafuka sana anaoga kwanza ili maji yafike mbali. Kila mmoja hudai ndiye msafi. Halafu saa mbili na nusu, dada ndiyo ameingia kutoka kazini, hajavua hata viatu, mtu anakumbuka. "Mama, mwalimu amesema kesho tubebe udongo, pamba na jani la mgomba." Kesho! Jani la mgomba, Pipeline! Ile wiki nilimfuata mama wa ndizi hadi chini nikamsihi aniuzie yale majani makavu anayofunikia mzigo. Alinipa bure, akaniuliza nina watoto wangapi. Nikamwambia wanne. Haikuwa na haja ya kueleza zaidi.

Sikwambii uzae wanne, wala sikwambii usizae. Hiyo ni hesabu yako na mwenzako. Lakini una dada, una kaka, una rafiki mliyekuwa mkienda raundi pamoja na sasa haji tena, na nyumba yake ina kelele. Ukienda kumwona usibebe ushauri, anao mwingi. Usibebe toi ya betri inayoimba. Mpe masaa mawili ya Jumamosi: mpeleke mmoja kinyozi, mwingine umkokote akanunue mandazi, au keti tu hapo na wadogo ili mkubwa ashuke akacheze. Mwambie mama mwenyewe aende akalale na ufunge ule mlango.

Na vikombe pia tafadhali usituletee. Ikibidi, leta vinne, na vyote viwe bluu.