Nguvu za Askari Huibwa Wakati wa Mapumziko

Tangu siku za ukuruta, askari hufundishwa kuhesabu risasi zake. Afyatuaye ovyo hubaki mikono mitupu adui atokeapo. Lakini nguvu za mwili, ambazo ndizo ziibebazo bunduki, wengi wetu hatuzihesabu. Twalaumu lindo la usiku, ilhali sehemu kubwa ya nguvu hizo hupotea baada ya lindo.

Mwizi wa kwanza ni pombe. Wapo wanaokunywa waragi ili wapate usingizi. Ni kweli, pombe hulaza upesi. Lakini usingizi wake hukatikakatika baadaye, na mtu huamka amechoka.

Wa pili ni kahawa inywewayo wakati usiofaa. Baada ya saa tano hivi, nusu ya kafeini yake bado imo mwilini. Na robusta, ilimwayo kwa wingi Uganda, ina kafeini takriban maradufu ya arabika. Anywaye kikombe saa kumi alfajiri, akatoka lindoni saa kumi na mbili, hujilaza kitandani huku dawa ya kukesha ingali ndani yake.

Wa tatu ni sigara. Moshi wake una kaboni monoksidi, sumu inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mvutaji hukimbia mchakamchaka kwa damu isiyobeba hewa ya kutosha. Wa nne ni simu ya mkononi, ambayo mwanga na maongezi yake huufukuza usingizi.

Hasara si ndogo. Uchunguzi wa Australia uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na wepesi wa macho na mikono sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Ni afande gani atakayemkabidhi mlevi usukani wa lori lililojaa askari?

Basi, kahawa na inywewe mwanzoni mwa zamu, simu iwekwe mbali, na usingizi usipungue saa saba. Nasi tulio na vyeo tuna wajibu wetu: aliyetoka lindoni asiitwe kufyeka nyasi kabla hajalala. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Na buyu likiisha, lindo hubaki bila mlinzi, ingawa mtu amesimama pale.