Je, Wajua? Morogoro ni karibu kuliko Maputo

Kijana wa Mocímboa da Praia, Msumbiji, anayetaka kuwa mhadhiri wa misitu yuko karibu zaidi na Morogoro, Tanzania, kuliko mji mkuu wa nchi yake. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kilichoanzishwa 1984, kiko kama kilomita 600 kwa ndege. Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, Maputo, takribani 1,800. Mada ya utafiti iko nyumbani: mpingo, mti wa wachongaji Wamakonde, hukua polepole mno. Kujua uvunwe kiasi gani kunahitaji kurudia kupima mashina yaleyale kwa miaka mingi. Inauma kwamba vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vimefanya kuingia msituni kuwa hatari. Kipimo cha mwaka uliopita hakichukuliki tena.